Nani Alifungua Komeo

Dunia ina maswali mengi ya maana, na bado mwaka ule watu walishikwa na swali moja la komeo. Katika tamthilia ya saa mbili na nusu, ile ambayo hata wanaojidai hawaitazami walikuwa wanaitazama, mama mmoja aliamka asubuhi, akabeba beseni la maji, akausukuma mlango wa uani kwa kiwiko, mlango ukafunguka, akatoka. Basi. Wala hakukupigwa muziki. Lakini dakika nne kabla ya hapo, katika usiku wa hadithi hiyohiyo, watazamaji walikuwa wamemwona mama huyohuyo akilisukuma komeo la mlango huohuo kwa mikono miwili, taratibu, kisha akaegemeza paji la uso kwenye ubao, kwa sababu mwanawe alikuwa amefukuzwa na baba na yeye amechoka kumngoja. Sasa komeo lililofungwa usiku, mbona asubuhi liko wazi?

Watu wakapagawa. Saluni zilibishana mpaka nywele za wateja zikaungua. Fundi viatu mmoja alikuwa na hakika kwamba ni mjomba mtu, maana yule mjomba tangu sehemu ya kwanza macho yake hayatulii. Muuguzi mmoja aliandika ukurasa mzima kueleza kwamba mama ana maradhi ya kutembea usingizini. Wanafunzi waliisimamisha picha kwenye simu zao, wakalizungushia komeo duara jekundu, wakatumiana darasani. Lakini wengi walisema jambo moja: mtoto alirudi. Aliingia usiku, akamwona mama yake amelala, akaona haya kumwamsha, akaenda zake. Aliyeko nje alilifunguaje komeo lililo ndani, hilo hawakulijibu. Mtu akishalipenda jibu lake hana habari na mambo madogo.

Mwenye kulijua jibu la kweli alikuwa mwanamke mmoja, na jibu lenyewe lilikuwa la aibu. Ni yeye aliyekosea.

Kule studio walimwita Daftari, na jina lake la kuzaliwa wengi hata hawakulijua. Kazi yake ilikuwa kukaa pembeni ya kamera na daftari gumu la jalada la bluu, kuandika kila kitu: kikombe kipo mkono gani, kifungo cha juu kimefungwa au kimeachwa, mshumaa umeungua mpaka wapi. Tamthilia haipigwi picha kwa kufuata hadithi. Leo wanapiga harusi, kesho wanapiga uchumba, keshokutwa mtu aliyezikwa wiki iliyopita anakuja na soda mkononi kupiga kifo chake. Mtu mmoja lazima akumbuke, ili vipande vikiunganishwa mtazamaji asione kitambaa cha kichwa kimebadilika rangi katikati ya sentensi. Mtu huyo ndiye Daftari. Miaka sita hakuwahi kukosea hata pete.

Ile asubuhi ya beseni waliipiga Jumanne, kwa sababu dirisha la nyumba ile hupata mwanga mzuri kabla ya saa tatu. Mama wa tamthilia alikuwa na mikono yote miwili kwenye beseni, kwa hiyo mwongozaji akasema komeo liachwe, asukume tu kwa kiwiko. Daftari akaandika: komeo wazi. Usiku wa hadithi waliupiga Alhamisi, mchana kweupe, madirisha yamefunikwa mapazia meusi. Maandishi yalisema mama auegemee mlango, hayakusema zaidi. Yule mwigizaji, mama mtu mzima aliyeanza kazi hiyo kabla Daftari hajazaliwa, alifika mlangoni, akasimama, halafu kwa akili yake mwenyewe akalishika komeo na kulisukuma. Lile paji la uso kwenye ubao lilikuwa lake pia. Mafundi wa taa walinyamaza. Mwongozaji alisahau kusema kata.

Hapo ndipo Daftari alipotakiwa kunyoosha mkono na kutamka neno moja: komeo. Wangerudia, yakaisha. Hakunyoosha. Alikuwa analia. Katika chumba kizima, mtu mmoja alilipwa ili asilie, na ndiye aliyelia mpaka karatasi ikalowa. Alipokuja kufuta macho, akaandika pembeni ya ukurasa: sawa.

Kosa aliligundua mhariri, akiunganisha vipande. Alimwita Daftari, akamwonyesha, akarudisha nyuma, akamwonyesha tena. Mwigizaji alikuwa ameshasafiri, na nyumba ya kupangisha imesharudishwa kwa mwenyewe.

"Nani atatazama komeo?" mhariri akasema. "Watu watakuwa wanalia."

Wakaliacha. Sasa nyie mnaujua mji, unalia kwa jicho moja na la pili linakagua.

Sasa, kwa nini alilia? Kwa sababu Daftari naye alikuwa na mama wa namna hiyo, na kaka wa namna hiyo.

Kaka yake alifukuzwa nyumbani miaka kumi na moja nyuma. Baba yao alikuwa fundi redio, na siku moja kijana aliuza sanduku la vifaa vya baba, lenye chuma cha kuunganishia nyaya na kipimo cha umeme alichokitumia mzee tangu ujana. Pesa alizifanyia nini, hata leo haijulikani vizuri. Mzee alimwambia asikanyage tena pale. Daftari wakati huo alikuwa shule ya bweni. Alirudi likizo akakuta kitanda cha kaka kimekunjwa godoro, na hakuna anayelitaja jina lake. Miaka minane baadaye baba akafariki. Mwana hakuonekana msibani.

Baada ya msiba Daftari alimtafuta kupitia rafiki wa zamani wa shule, akampata. Alikuwa mji mwingine, anaoka mikate kwenye kiwanda kidogo, hajaoa. Alikubali kuzungumza na mdogo wake kwa sharti moja: mama asijue, naye Daftari akaapa.

"Usiku uleule nilirudi," alimwambia. "Nilikuja kuomba radhi. Nilibisha mlango wa uani mara tatu. Walinisikia, dada, wote wawili walinisikia. Hakuna aliyeinuka."

Daftari alibisha kwamba mama hawezi. Kaka akasema basi, tusiongee hilo. Na tangu hapo miaka mitatu Daftari amekuwa akila kiapo kile kama mtu anayekula ndimu: anakunja uso, anameza. Kila Jumapili anakwenda kwa mama, anamwona anashona sare za shule peke yake, anajua mwanawe yuko hai, ana afya, analalamika bei ya unga, na hasemi.

Halafu ikaja tamthilia. Mama aliipenda tangu siku ya kwanza, na kwa sababu binti yake anafanya kazi huko, alijiona kama mwenye hisa. Ilipotoka sehemu ya komeo alimpigia Daftari asubuhi na mapema, kitu ambacho si kawaida yake. "Nimeliona komeo," akasema. "Mwambie mwandishi wenu nimeliona." Hakusema la ziada. Daftari akajibu, ndiyo mama, akakata simu, akashika tama.

Kaka naye alipiga. Alipiga mara nne wiki ile, mtu ambaye mwezi mzima hupita bila kupiga mwenyewe. Kila mara swali moja.

"Nani alifungua? Baba mtu au mama mtu?"

"Kaka, wenzako wanasema ni mtoto."

"Mtoto yuko nje. Nauliza wa ndani. Ni baba au ni mama?"

"Bado hawajaamua."

"Wakiamua niambie kabla haijatoka. Tafadhali."

Daftari alidhani ni uraibu tu, kama wa watu wote. Angejua.

Jumatatu studio wakaitana. Mtayarishaji, bwana mkubwa wa sauti na wa tumbo, alikuwa amefurahi kupita kiasi. Alikuwa na karatasi zenye maswali ya watazamaji, mrundo wa kujaza kapu, akazipigapiga kwa kiganja. Alitaka kipindi maalumu Jumamosi: watazamaji waulize, studio ijibu. Akauliza, wazo hili la komeo, wazo la dhahabu hili, ni la nani?

Mwongozaji akakohoa kidogo. Akasema yeye hupenda kuacha vitu vidogovidogo, kwa mwenye macho. Alisema hivyo bila kupepesa. Daftari alimtazama mtu mzima huyu, aliyesahau hata kusema kata, na akaona bora ayameze maneno yake. Mtayarishaji akampa mwongozaji mkono. Kisha akamgeukia yeye: "Na wewe Daftari utakaa kitini Jumamosi. Utalifunua daftari lako mbele ya kamera, utawaambia jibu limo humu ila bado haliruhusiwi. Watakufa kwa hamu."

Walipotoka, mwandishi alimkuta kwenye korido anajaza maji kwenye chupa. Mwandishi alikuwa mzee mkimya, shati lake daima na wino mfukoni.

"Mimi sikuandika komeo," akasema. "Nimepekua kurasa zangu usiku kucha. Na mwongozaji hana akili hiyo. Ni wewe?"

Daftari akatikisa kichwa kukubali.

"Nimeandika sehemu mia moja na kumi," mzee akasema. "Nimewawekea watu mauaji, urithi, watoto waliobadilishwa hospitali. Walitazama, wakaenda kulala. Wewe umekosea mara moja, mji mzima umekaa unafikiri." Hakusema kwa uchungu, alisema kama fundi anayesifia mshono wa mwenzake. "Nimeyasoma yale maswali. Wengi wanacheza. Lakini wapo wachache, unaona kabisa huyu haulizi habari ya tamthilia. Ana la kwake. Wale ndio wananinyima usingizi."

Daftari akafikiri mara moja juu ya mama yake. Juu ya kaka hakufikiri. Hivi ndivyo tulivyo, tunamhurumia aliye karibu.

Alhamisi jirani wa mama, mwanamke anayeuza maziwa na mwenye kujua nani amelala na nani bado, alimpigia. Akasalimia kwa kirefu, akauliza kazi, akauliza afya, halafu akafika. "Sikiliza mwanangu, si umbea. Mama yako halali na komeo. Mlango wa uani anaurudishia tu. Kuku wangu juzi aliingia alfajiri akatagia kwenye vitambaa vyake. Na unajua mtaa ulivyo, wiki iliyopita wamebeba televisheni ya watu nyumba ya tatu."

Daftari alikaa na ile habari kitandani kwake, kwenye chumba alichopanga karibu na studio, na kwa mara ya kwanza akaogopa kwelikweli. Aliipanga kichwani kama anavyopanga vipande: mama ameona komeo la televisheni, ameamini mtoto hurudi usiku, naye sasa anamwachia wake mlango. Yaani kosa lake la machozi ya dakika moja limewafungulia wezi mlango wa mama yake. Na njia ya kulifunga tena ni kumwambia kweli: hakuna aliyerudi, ni mimi sikunyoosha mkono. Kumwambia hivyo ni kumnyang'anya mama kitu pekee kilichokuwa kimemchangamsha tangu msiba. Kutomwambia ni kumwacha alale mlango wazi. Na hata akimwambia, bado atakuwa anaficha kubwa zaidi, kwamba yule anayengojwa ana namba ya simu.

Niseme mapema tusije tukasumbuana: kwenye kipindi cha Jumamosi Daftari alisema kweli. Alisema mbele ya kamera kwamba ni kosa lake, akaeleza Jumanne na Alhamisi. Mwongozaji alitazama dari. Watazamaji hawakuamini hata kidogo. Walisema amelazimishwa na studio ili kuificha siri, na ubishi ukaongezeka mara mbili. Hiyo ni Jumamosi. Mimi nawaeleza Ijumaa.

Ijumaa alasiri alifika kwa mama bila kutoa taarifa. Mama alikuwa kwenye cherehani yake, karibu na ule mlango wa uani, kwa sababu ndipo penye mwanga. Sare za buluu zilikuwa zimepangwa kwenye kiti, kola bado. Mlango ulikuwa wazi na komeo lake limening'inia, limeshika kutu kidogo kwenye ncha.

"Leo si Jumapili," mama akasema bila kuinua macho.

"Najua, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Usikalie kola."

Daftari akakaa kwenye kigoda. Alikuwa amejipangia maneno njiani, yote yakapotea. Akaanza tu.

"Mama, lile komeo ni kosa langu. La tamthilia. Hakuna aliyefungua. Asubuhi tuliipiga kabla ya usiku, na siku ya usiku yule mama alifunga bila kuambiwa, mimi nilitakiwa kusema, sikusema. Hakuna siri. Mtoto hakurudi. Hakuna mtu aliyeingia."

Cherehani iliendelea mpaka mwisho wa mshono. Mama akakata uzi kwa meno.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nalia."

"Ulikuwa kazini unalia?"

"Nilikukumbuka wewe."

Mama akamtazama sasa, akaivua miwani. Usoni hakuonyesha kuvunjika moyo wala nini. Alionekana kama mtu anayesikia habari ya jirani.

"Na ndiyo umeacha kazi, umekuja mbio kunifungia mlango," akasema.

"Jirani aliniambia."

"Jirani yule angepewa kituo chake cha redio. Alikueleza pia kwamba yai la kuku wake sijamrudishia?" Akacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Mwanangu, mimi mlango huu sijaufunga tangu tumzike baba yako. Miaka mitatu. Huyo kaujua juzi kwa sababu ya kuku. Usiku wa kwanza tu baada ya wageni kuondoka nililitazama komeo nikasema, sasa hakuna wa kuniuliza. Sikuanza kwa ajili ya televisheni yenu."

Daftari, mtu ambaye kazi yake ni kujua kipi kilitangulia na kipi kilifuata, alikuwa amevipanga vipande vya mama yake kinyume kabisa. Aliona haya, na kwenye haya hiyo kulikuwa na nafuu kidogo, na hofu nyingine ikapanda palepale.

"Lakini ulipiga simu," akasema. "Ulisema umeliona komeo."

"Niliona. Nikafurahi kwamba kuna mtu kaliandika. Kumbe hakuna." Mama akashika sare, akaigeuza ndani nje bila sababu. "Nyote mnauliza nani kaingia. Mjomba, mwizi, mtoto. Komeo liko ndani. Aliyefungua alikuwa ndani. Ni yule mama mwenyewe. Alifunga mbele ya mume wake, mume akalala, akaamka akafungua. Mimi sikuona hata pa kubishana."

"Umejuaje, mama?"

Uani jirani alikuwa anaita kuku wake.

"Kaka yako alirudi usiku uleule," mama akasema. "Wewe ulikuwa shule. Alibisha mara tatu. Mimi nilikuwa macho, na baba yako macho. Baba yako alisema, ukiinuka, nawe utoke naye. Nililala nimetazama ukuta. Nilimsikia mtoto wangu anabisha na nikalala nimetazama ukuta. Baba yako alipopata usingizi nikaamka, nikaja hapa pekupeku, nikalivuta komeo. Lilikuwa kavu, likapiga kelele. Nikafungua. Hapakuwa na mtu. Nikasimama mpaka miguu ikafa ganzi, nikafunga, nikarudi. Asubuhi sikumwambia baba yako, na wewe ulipokuja likizo sikukwambia. Ningekwambia nini? Kwamba nilichelewa?"

Machozi yalimtoka bila sauti, akayafuta kwa sare ya mtoto wa watu. Daftari alitaka kumshika, akashindwa kuinuka. Alikuwa na kiapo chake kooni na safari hii hakikumezeka.

"Mama," akasema, "mimi na kaka..."

"Najua. Kila Jumapili unatoka uani na simu, unarudi unanitazama kama mtu aliyekula mboga ya mwenzake. Anaumwa?"

"Haumwi."

"Anakula?"

"Anaoka mikate, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayepokea mzigo na kutafuta pa kuuweka. Hakulaumu. Lingekuwa jambo jepesi kama angelaumu.

"Mpigie," akasema. "Mimi usinipe simu, sitaweza. Mwambie tu hilo la kuchelewa. Halafu afanye anavyotaka."

Daftari akaitafuta namba ya kaka, akapiga. Akaweka sauti ya nje, akaiweka simu juu ya meza ya cherehani, kati ya mkasi na kola. Iliita kwa muda. Kisha sauti ya kaka ikaja, na nyuma yake trei za chuma zinagongana.

"Wameamua?" akauliza hata kabla ya salamu. "Ni nani?"

"Kaka, sikupigii habari ya tamthilia. Niko nyumbani. Nimekaa mlangoni, mama yuko hapa."

Trei ziliendelea kugongana.

"Usikate," Daftari akasema haraka. "Nikwambie neno moja halafu ukate. Usiku ule walikusikia, ulisema kweli. Baba alimkataza. Lakini mama aliamka. Baba alipolala aliamka akafungua mlango. Alichelewa, ulikuwa umeshaondoka. Hilo tu."

Mama alikuwa amefumba macho na kidole kimeshika ukingo wa meza.

"Sikuwa nimeondoka," kaka akasema.

Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mbali na ndogo. Akasema alikuwa amekaa nyuma ya tangi la maji la jirani, ameshika magoti, hana pa kwenda. Alikaa pale muda mrefu. Akafikiri, nikisikia wamelala nitalala hapahapa, asubuhi nitajaribu tena. "Halafu nikasikia komeo," akasema. "Nikalisikia linavutwa. Nikajua ni baba ananitafuta, anakuja na fimbo. Nikaruka ukuta nikakimbia mpaka stendi. Sikugeuka. Miaka kumi na moja nalisikia lile komeo, dada. Nilivyoliona kwenye televisheni nikasema hawa watu wanajua. Hawa watanijibu nani alikuwa anafungua."

Mama aliifikia simu kwa mikono yote miwili. Aliyesema hataweza aliinyanyua akaisogeza mdomoni kabisa, kama kwamba mwanawe alikuwa mle ndani na anaweza kuponyoka.

"Mwanangu," akasema. "Mwanangu, baba yako alikuwa anakoroma."